Ngazi Mbili za Mama Moshi

Miaka mingi niliishi umbali wa migomba arobaini kutoka kwa mtu huyu, na uso wake sikuwahi kuuona. Nawaambia mapema ili msije mkanidai nieleze pua yake ilivyokuwa. Nakijua kikohozi chake, najua alivyoburuta mguu wa kushoto, naijua harufu ya tumbaku yake. Mgongo wake niliuona mara mbili kwa bahati mbaya, nikaomba radhi. Jina lake Tusajigwe. Naliandika kwa kuwa kalamu haina mdomo. Kulitamka siwezi hata leo, maana alikuwa baba mkwe wangu, na kwa Wanyakyusa mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wala hamtaji.

Mimi ni mtu wa Iringa, Mhehe. Kwetu mkwe anaheshimiwa sawasawa, lakini unampelekea maji ya kunawa na unamwona akinawa. Nilipoolewa na Sedekia mwaka 1948 nikaletwa Mwaya, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, nilidhani wananitania waliponiambia kwamba nikisikia wazee wanakuja njiani nijifunike nguo kichwani na kuingia migombani. Wazee, kwa wingi. Si yeye peke yake: ndugu zake na rika lake lote ni wakwe zako. Mwezi wa kwanza niliingia migombani mara nyingi kuliko ngedere. Nililia, nikazoea, kisha nikaona desturi yenyewe ina raha yake, kwa sababu mtu asiyekuona hawezi kukukuta umenuna.

Kazi ya maisha yake ilikuwa moto. Alikuwa mchochea boila wa ile meli ya abiria iliyoletwa ziwani vipande vipande na Wajerumani ikaungwa hapa hapa. Walikuwa wameipa jina lao refu. Waingereza walipokuja wakalikwangua wakaandika la kwao. Watu wa Mwaya hawakujishughulisha na jina la kwanza wala la pili. Waliiita Mama Moshi. Alitia kuni kwenye tumbo la Mama Moshi miaka thelathini na moja, mpaka 1954, meli ilipoburutwa mchangani ikaachwa na kutu.

Mzee hakukubali. Kila asubuhi alikwenda kukaa chini ya ubavu wake kama mtu anayeuguza. Hatimaye alimfuata Bwana Shauri, yule afisa wa wilaya, akamweleza kwamba meli ile ni kitabu na watoto wa Mwaya wanapaswa kuisoma. Bwana Shauri alikuwa Mwingereza kijana, mwenye masikio mekundu, na alipenda vitu vya kale. Akasema sawa, itakuwa nyumba ya kumbukumbu, mkiisafisha wenyewe na watu wakija kuitazama. Wasipokuja, itauzwa chuma chakavu. Mzee akarudi nyumbani akala ugali wa watu wawili. Mama mkwe ndiye aliyenihadithia.

Sasa mikono ya kuisafisha itoke wapi? Vijana wote walikuwa wamekwenda migodini. Mume wangu mwenyewe alikuwa Chunya akichimba dhahabu ambayo mimi sikuwahi kuiona. Niliyebaki nyumbani mwenye nguvu ni mimi. Na mimi, nisijisifu sana, masista wa Iringa walinifundisha kusugua vinara vya altare kwa jivu na ndimu mpaka padre akawa anajiona ndevu. Siku niliyopita karibu na meli nikaona shaba za madirisha zimekuwa kijani, mikono iliniwasha. Nikamwambia mama mkwe: mwambie mzee afanye kazi asubuhi, mimi nitakuja mchana.

Hivyo ndivyo tulivyofanya, miezi saba, mkwe na mkaza mwana, bila kuonana. Yeye alikwangua kutu tangu alfajiri hadi jua la utosi. Mama mkwe akimwona anatokeza njiani anagonga mfuniko wa sufuria, nami napita njia ya mtoni. Nikifika nakuta ameniachia vitu: msasa umekatwa vipande vya kutosha kiganja changu, maji yamechotwa, ndimu zimepasuliwa. Siku moja niliteleza nikaumia goti. Kesho yake nikakuta amepigilia vipande vya mbao kwenye sakafu ile nzima ili nisiteleze tena. Nami nilimwachia shaba zinazong'aa na ndizi za kuchoma kwenye jani. Nimeishi na watu tuliotazamana kutwa nzima, na hawakuwahi kunijua hivyo.

Karibu na mwisho nikiwa chumba cha nahodha, juu kabisa, nikakuta bomba la shaba limetoka sakafuni, lina kizibo mdomoni. Nikakichomoa ili nisugue ndani. Bomba likakohoa. Nilikijua kikohozi hicho. Kumbe mzee alikuwa amechelewa chini kwenye boila, na bomba lile ndilo nahodha alilokuwa akisemea na watu wa moto. Basi mimi, mwanamke mzima mwenye watoto wawili, nikajifunika kanga kichwani nikakimbia bomba. Nilishuka ngazi kinyumenyume mpaka mchangani.

Shauri hilo liliwachukua mabibi wa Mwaya siku mbili. Wengine walisema sauti ya mkwe ni mkwe. Mama mkwe, ambaye ulimi wake ulikuwa mfupi lakini mzito, akamaliza maneno: kinachokatazwa hasa ni macho, na bomba halina macho, wasemezane kwa kazi ya meli tu, basi. Kwa usalama wakataka kuku mmoja kutoka kwa mzee. Akatoa wawili.

Ufunguzi ukafika, Juni mwaka 1956. Meli ilikuwa nyeupe, dohani nyekundu, shaba zinawaka. Bwana Shauri alikuja na daftari na kofia yake ya sherehe. Wazee wa Mwaya wakapanda, kisha wazee wa vijiji vya jirani, kama sabini hivi, kisha watoto wa shule. Halafu basi. Saa nzima ngazi haikupandwa na mtu. Bwana Shauri alizungukazunguka kwenye sitaha akitazama saa, akafunga daftari. Akamwambia mzee kwa huruma kwamba inaonekana watu hawaipendi meli, na kwamba yuko mfanyabiashara wa Mbeya aliyeiulizia.

Hawaipendi! Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa migombani, pamoja na wanawake wasiopungua mia mbili waliokuwa wamevaa nguo zao nzuri, wametembea tangu usiku wa manane, na wanaona dohani tu. Meli ilikuwa na ngazi moja na ujia mmoja mwembamba. Ukipanda, unakutana na baba mkwe anashuka, matumbo yanagusana. Nani angethubutu? Mama mkwe alikuwa ameketi karibu yangu, amejipaka mafuta, ana ushanga wake wa harusi shingoni. Yeye angeweza kupanda, ni mke wa rika lile la wazee, si mkaza mwana wao, lakini alisema hatawaacha wakwe zake wachanga peke yao. Hasira ilinipanda hata masikio yakavuma. Kwa miezi saba mkwe na mkaza mwana tulikuwa tumeitengeneza meli kwa zamu, na si yeye wala mimi aliyefikiri kwamba Mwaya nzima nayo itahitaji zamu. Tulikuwa wajinga wawili tusioonana.

Jioni nikamtuma mama mkwe na maneno yangu yote, hata yale makali. Aliyachuja njiani kama togwa, lakini yalifika. Alfajiri mzee alipanda Tukuyu, kwenye ofisi ya wilaya, kwa miguu, mguu wake ule wa kuburuta, akamweleza Bwana Shauri jambo ambalo kijana yule katika miaka mitatu ya kutuandika hakuwa ameambiwa na mtu. Bwana Shauri akampa wiki nne.

Siku ya tatu akaja yule mfanyabiashara. Aliitwa Muhidini, mtu wa Mbeya mjini mwenye asili ya pwani, mnene, mchangamfu, ana lori. Alikuja kukagua chuma chake. Akaigonga meli kwa kidole, akaizunguka, akauliza mbona zinachongwa mbao za ngazi ya pili. Watu wakamweleza. Alicheka mpaka akashika lori. Akasema hata kwake Mbeya wanawake wana mlango wao wa uani, na kwamba yeye angeshangaa zaidi kama watu wenye adabu wangekuwa na ngazi moja. Kisha akaziangalia zile mbao, akasema hizi ni za kufia, akateremsha mninga kutoka kwenye lori lake. Sharti lake lilikuwa moja, alete familia siku ya ufunguzi. Mtu aliyekuja kuikata meli akaiongezea ngazi. Dunia hii ukiisubiri kidogo inakuchekesha.

Mpango tuliufanya kwa bomba, maneno ya kazi tu. Mara ya kwanza sauti yake ilipanda nikiwa nimefumba macho, kwa tahadhari. Aliuliza, "Mbele watu mia watatosha?" Nikasema, "Watatosha, baba." Ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza katika miaka minane. Tukakubaliana: wanaume kwa ngazi ya tezi, nyuma, wanawake kwa ngazi ya omo, mbele, pazia la turubai katikati. Kengele ikipigwa, wa mbele wanashuka, wa nyuma wanasogea. Yeye atakaa chini kwenye boila, awashe moto kidogo awaeleze wanaume, mimi nitakaa juu niwaeleze wanawake usukani. Njia ikiwa tupu tutaambizana.

Siku ile sijui niielezeje. Walikuja Wanyakyusa wa milimani na wa bondeni, wakaja Wakisi na vyungu vyao vya kuuza. Lori la Muhidini lilifika limejaa wanawe na mkewe, Bibi Siwema, aliyekuwa kwenye baibui jeusi na anaona haya. Alipofika juu na kukuta hakuna mwanamume hata mmoja, akafunua uso, akashika usukani kwa mikono miwili, akauzungusha. Alikataa kuuachia. Wanawake wa Mwaya wakamwimbia, naye akaitikia maneno asiyoyajua maana. Waliingia kwenye vyumba vya abiria, wakalala kwenye vitanda vya Wazungu, wakajaribu beseni. Bibi mmoja mzee alijifungia kwenye choo cha meli kwa starehe tu. Kila kengele ilipopigwa walinung'unika kushuka, na wengine walizunguka wakapanda tena.

Bwana Shauri alisimama mchangani akihesabu kwa daftari. Alipofika mia nne na kumi na kitu alikosea, akaanza upya, akakosea tena. Mwishowe akalitia daftari mfukoni, akamwita karani wake, akasema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga ili kila mtu asikie, "Meli hii haiuzwi. Itakaa hapa hapa."

Wanaume walipiga kelele nyuma, wanawake wakapiga vigelegele mbele, na kati yao turubai likapepea. Niliinama kwenye bomba kumpa mzee habari. Kisha nikasikia anavuta pumzi, na maneno yaliyokuja hayakuwa ya kazi.

"Benedicta," akaniita kwa jina. "Mimi nimekaa huku chini miaka thelathini na moja. Meli ikienda naona moto, ikisimama naona moto. Sikupata kusimama hapo ulipo ikiwa na watu. Hebu niambie, unaona nini?"

Ningeweza kumwambia aje aone mwenyewe. Lakini akija, mimi na wale wote mbele ingebidi tushuke, na alilijua hilo. Basi nikafungua macho yote nikamwonea. Nikamwambia ziwa ni la buluu na milima ya Ukinga imekaa pale pale. Nikamwambia watu ni wengi mpaka mchanga hauonekani, na kuna mbuzi amepanda nao. Akacheka, bomba lote likatetemeka. Nikamwambia shaba zinang'aa. Akasema hizo anazijua.

Halafu akauliza, polepole, "Na mama yenu je, amepanda?"

Nikatazama. Nikamwambia amepanda. Amekwenda omo kabisa, mahali chuma kinapokutana, amevaa ushanga wake wa harusi. Upepo unampiga usoni. Ameshika chuma kwa mkono mmoja, na mkono wa pili anawaonyesha wakwe zake ziwa, kama kwamba ni yeye aliyelichimba. Anacheka.

Nilisikia ukuni mmoja ukidondoka motoni, huko chini.

"Ndaga, mwanangu," akashukuru kwa Kinyakyusa. "Mwangalie vizuri, kisha uniambie tena."

Nikamwangalia vizuri, nikamwambia tena.