Matoka ya Githinji

Nani alikudanganya ati ile nyumba kubwa ya mawe kando ya mto Chania ilijengwa na mzungu? Ilijengwa na migongo ya wanawake, na mmoja wao alikuwa Warigia, binti ya Githinji. Mwaka ambao reli ilifika Thika, Warigia alikuwa msichana ambaye hajaposwa, akibeba mawe kutoka mtoni kwa ukanda wa ngozi uliopita kwenye paji la uso. Ukanda ule ulimwachia bonde kichwani ambalo hata uzeeni ungeweza kulitia kidole.

Ardhi yenyewe ilikuwa ya babake. Yule mzungu, Kihara, watu walimwita hivyo kwa sababu ya upara wake, alikuja siku moja, akapewa kibuyu cha uji, akapapenda mahali, akarudi na askari. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Huyu mwenyeji hakupona. Alisukumwa ng'ambo ya kilima akageuzwa kibarua kwenye shamba lake mwenyewe.

Lakini Githinji alikuwa amepanda matoka. Itoka ni ua jeupe lenye kitunguu kinachojificha chini ya udongo, na Wakikuyu hawalipandi kwa urembo. Ndilo mpaka. Wazee hulipanda kwa kiapo, na anayeling'oa amejitakia laana, yeye na watoto wake. Kwa hivyo mstari wa matoka ulikata bustani ya Kihara katikati, kutoka mtoni kwenda juu, na hakuna kibarua aliyethubutu kuugusa. Mke wa Kihara naye akayaona ni maua mazuri, akaagiza yamwagiliwe maji. Mungu ana vituko!

Warigia alizeeka akifua mashuka ya nyumba hiyo. Alivumilia matusi. Alivumilia kupoteza watoto wake, na mumewe kupelekwa kizuizini asirudi. Wakati wa Hali ya Hatari kibanda chake kilichomwa, akasukumwa yeye na wenzake katika kijiji kilichozungushiwa handaki la miti iliyochongwa ncha, na hilo pia akalivumilia. Kila asubuhi akifika kazini aliyatazama matoka. Siku moja, alijiambia, mtu atauliza shamba la Githinji lilikuwa wapi, nami nitamwonyesha kwa kidole. Hakuwa na ushahidi mwingine chini ya jua.

Mwaka wa hamsini na saba Kihara akafa. Mkewe akafungasha kurudi Uingereza, akauachia mji nyumba na bustani, iwe mahali pa watu kupumzika. Watu gani? Usiniulize. Mzungu mmoja wa mji akaja kuwasomea wafanyakazi maneno yatakayoandikwa ukutani: kwamba Bwana alikuta hapa nyika tupu isiyo na mtu, akajenga nyumba hii kwa mikono yake. Kwa mikono yake! Warigia, aliyekuwa amesimama na beseni la mapazia, alitamani kumwagia maji yale machafu. Akameza hasira, akaenda kuanika nyuma ya nyumba.

Huku bustanini mzungu akanyoosha fimbo: yale maua yatoke, papandwe nyasi tupu. Watunza bustani wawili wa Kikuyu waliweka majembe chini wakasema wanaumwa. Nyapara hakubishana nao. Akamwita Jeconia, kijana Mjaluo aliyeingia kazini mwezi ule, mtu wa kanisa, mwenye bidii ya kupindukia. Warigia aliporudi kuchukua pazia la mwisho, matoka yote yalikuwa yamerundikwa kama magugu, na Jeconia anajipangusa jasho.

“Uuui! Wewe mtoto, umefanya nini?”

“Nimelima, mama. Nimeambiwa nilime.”

“Umelima! Umemzika baba yangu mara ya pili! Hukuona wenzako wamekaa kando? Huna mdomo wa kuuliza?”

Akampa vidonge vyake mbele ya nyapara na mbele ya mzungu, akamrushia lile pazia bichi usoni. Akamwambia itoka ni nini.

“Mama, kwetu mpaka tunapanda ojuok, ule mti wa utomvu mweupe. Hakuna mtu hung'oa. Kama ningejua…”

“Majuto ni mjukuu! Toka mbele yangu.”

Nyapara akamfuta Warigia kazi papo hapo.

Jumapili alirudi kutoka kanisani bado amefura, akakuta watu wamejaa mlangoni pake. Jeconia alikuwa ameyaokoa matoka kabla hayajachomwa, akayabeba kwa gunia, akayapanda kukizunguka kibanda cha Warigia, mduara safi kabisa, ameshayamwagilia na maji. Alisimama pale ameshika kofia, uso unang'aa.

“Mama, nimekurudishia mpaka wako.”

Wangeci, jirani ya Warigia, ndiye aliyeanza kucheka. “Kumbe shamba la Githinji lilikuwa hivi? Hata mbuzi hawezi kugeuka!”

Lakini hedimani wa kijiji, aliyewekwa na serikali, hakucheka. Aliuzunguka mduara polepole akitikisa kichwa. “Itoka likishapandwa halitoki,” akasema. “Basi, Warigia. Tumeona sisi sote mahali shamba lako linapoishia.”

Warigia akapiga magoti na nguo zake za kanisa, akalishika itoka la kwanza, akaling'oa.

“Aiya! Laana, Warigia!” wanawake wakapiga kelele.

“Na ije! Ina nini ya kuchukua? Mume wangu yuko wapi? Watoto wangu wako wapi? Laana imekaa kwangu tangu yule mzungu anywe uji wetu. Baba yangu hakupanda mpaka wa kibanda!”

Akayang'oa yote kwa vidole, akilia kwa hasira, hadi kucha zikatoka damu. Hakuna aliyemkaribia. Alipomaliza aliyatia kwenye gunia, akalisukuma miguuni pa Jeconia, ambaye alikuwa analia pia.

“Beba,” akamwambia. “Twende Chania. Mashimo bado yako wazi, na ni wewe uliyachimba. Utanionyesha moja moja.”