Punje Kwenye Vidole vya Babu

Juzi, tukimsubiri daktari, niliona kidole gumba cha dada yangu Tasiana kikisugua cha shahada, chenyewe tu, mkono umelala gotini. Babu alikuwa hivyo hivyo.

Mchana mmoja, tukiwa watoto, alikaa kando ya kichanja cha kuanikia kahawa, harufu ya uchachu ikipanda juani, vidole vyake vikisugua hewa. Kwetu Mbinga ukavu wa kahawa hupimwa hivyo: unaisugua ganda litoke, kisha unaing'ata. Tasiana alidhani Babu amesahau kuchukua punje, akamwekea moja vidoleni.

Vidole vikatulia. Babu akaing'ata.

"Bado mbichi, mjukuu wangu," alisema, uso umekaza kama wa mtu aliyeudhika. Tulikimbia.

Juzi hiyo daktari alitueleza kwamba dopamini ikipungua kwenye ubongo, mkono hutetemeka ukiwa umepumzika, na uso hukakamaa hata mtu akiwa na furaha.

Tuliporudi nyumbani nilimwekea Tasiana punje vidoleni.

"Imekauka?"

Aliing'ata taratibu. "Bado mbichi," alisema, kwa uso ule ule wa Babu.

Safari hii sikukimbia. Nilijua anacheka, nikacheka naye.