Niliweka mfumo mzima wa chanjo ya ng'ombe kwenye file moja, Chemba nikafunzwa adabu

Wakuu, heri ya jua la Dodoma. Naandika nikiwa Nzuguni, na sitapunguza kitu hata pale ninapoonekana mjinga.

Miaka kadhaa nyuma kikundi cha wafugaji kule Chemba kiliniomba mfumo wa kuwakumbusha siku ya chanjo kwa SMS. Bila kuuliza mengi, bila kuchora chochote kwenye karatasi, nikafungua laptop nikaanza kuandika code.

Majina, tarehe, utumaji wa SMS, vyote file moja. Mistari elfu nne na ushee. Ikakubali. Nikajiona bingwa.

Haraka haraka haina baraka, tunaimba toka shule ya msingi. Sikio la kufa...

Kampuni ya SMS ikabadilisha njia yake ya kupokea ujumbe. Nikagusa sehemu moja, tarehe zikavurugika. Nikarekebisha tarehe, majina yakagoma kufunguka. Siku mbili nahangaika, na chanjo iko njiani kwenye boksi la barafu.

Viongozi wa kikundi wakaanza kupigia watu simu mmoja mmoja. Mzee Chilewa, anayekaa mbali na wenzake, hakupatikana. Chanjo ikampita.

Baada ya wiki chache homa ya mapafu ikaingia bomani kwake. Ng'ombe sita wakafa.

Nilienda kumpa pole, wakuu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu, kaa."

Nikamweleza ukweli wote: nilirundika kila kitu mahali pamoja, kimoja kikiumwa vyote vinalala.

Akanishangaa. "Mwanangu, mimi ng'ombe siweki boma moja. Wengine wako kwa shemeji, wengine kwa rafiki yangu ng'ambo ya korongo. Ndiyo maana bado naitwa mfugaji. Nyie mliosoma hamkufundishwa hilo?"

Bora angenifokea.

Nikaanza upya. Wiki nzima karatasi na maswali tu, kabla ya kugusa keyboard. Majina peke yake, tarehe peke yake, SMS peke yake.

Mwezi uliopita kampuni ya SMS ilibadilisha tena mambo yake. Nikagusa kipande kimoja, chai haijapoa nimemaliza. Ujumbe wa kwanza nikautuma kwa Mzee Chilewa. Akapiga: "Nimeuona. Alhamisi nawaleta wote, hata wa kwa shemeji."

Nikaendelea kuwatumia wengine.

Teknolojia itabadilika tu, haikuombi ruhusa. Panga kabla hujaandika.

Na wewe mwenye file lako la mistari elfu nne, shuka hapa chini useme. Sitakucheka. Wale sita bado ninao rohoni.