Mwanamke Niliyemtoa kwenye Foleni

Mimi ni mtu wa Tanga, na mdomo wangu haujui kupumzika. Serikali iliponihamishia Kigoma miaka ile ya wakimbizi, nilipewa meza ufukweni, niandikishe watu wanaoshuka kwenye maboti. Siku moja akafika mwanamke na mama yake mzee. Akasalimia, nami nikaona anaongea sawasawa na Waha, wenyeji wa Kigoma, wanaoniuzia maharage sokoni. Sikungoja afungue mdomo mara ya pili. "Wewe wa hapa hapa, kijiji cha Simbo, umefuata mgao. Toka!" Akamshika mama yake mkono, wakaondoka. Jioni ile mvua ilimwagika.

Nyumbani, mtaa wa Bangwe, nikajisifu kwa mwenye nyumba wangu, mama wa asili ya Kongo aliyeuza dagaa. Akanikodolea macho. "We mwanangu! Kiha na Kirundi ni mtu na dada yake. Umemfukuza mkimbizi."

Loh! Tangu hapo usingizi ukanipaa. Kichwa kiligonga, panadol zikashindwa. Mama yule akawa ananichemshia mchaichai, na kila asubuhi kabla ya kazi ananipeleka mchangani kuanika dagaa. Nilianika huku nikivuta uradi, maji ya ziwa yakinigusa miguu, na usingizi ukarudi. Raha ile ninayo mpaka leo. Lakini uso wa yule mwanamke haukunitoka.

"Mchaichai ni wa mwili," mama akaniambia. "Umemkosea mtu, kamwombe yeye. Dagaa hawatakusamehe."

Nikaulizia mpaka nikampata, na kweli alikuwa Simbo, amehifadhiwa na familia moja, analima maharage yao. Nilimwomba radhi nikalia bila haya. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Siku ile ulisema wewe peke yako," akajibu. "Leo nyamaza." Akanipa jembe.

Nikapalilia mpaka adhuhuri, mimi na mdomo wangu huu, kimya! Mama yake akatuletea viazi vitamu. Alikuwa anakohoa, lakini mzima, alhamdulillahi. Nilifurahi mpaka nikashindwa kutafuna.

Tulipokwisha kula, yule mwanamke akajipangusa mikono. "Haya, karani. Andika."

Nikatoa fomu mkobani. Nikamtazama usoni, nikamuuliza lile ambalo ufukweni sikumuuliza.

"Dada, umetoka wapi?"

Akavuta kigoda karibu yangu, akaanza kunieleza.