Shamba Nililoliita Pori

Habari hii nimeiandika kwenye daftari mara tatu, na kila mara nikisoma naona nimejipendelea. Ngoja nijaribu tena.

Mimi ni mkulima wa korosho wa Makote, Newala. Nimeishia darasa la saba. Kijiji kiliponichagua niwe mhakiki wa ramani ya mashamba nilidhani wamekosa mtu mwingine, na huenda ni kweli. Tulipelekwa Masasi siku nne kufundishwa. Mwalimu wetu alikuwa mtaalamu wa picha za setilaiti, binti wa rika la kitinda mimba wangu, aliyetuamkia shikamoo kila asubuhi kisha akatutoa jasho mpaka jioni.

Alitueleza kwamba kuna chombo kinapita juu yetu kila baada ya siku chache. Hakigusi kitu. Kinapokea tu mwanga wa jua unaorudi kutoka ardhini, na kila kitu huurudisha kwa namna yake: mchanga kivyake, bati kivyake, jani kivyake. Jani lenye afya hurudisha kwa wingi mwanga fulani ambao jicho la mtu haliuoni kabisa, kwa hiyo kwenye picha wanaupaka rangi nyekundu. Nilipoona Newala yetu nzima nyekundu niliuliza kama kuna moto. Wakacheka, na mimi nikacheka.

Picha yenyewe ni vimraba vingi, kila kimoja meta kumi kwa kumi. Mkorosho, nyasi na njia vikiangukia kimraba kimoja, vinachanganywa kuwa rangi moja. Ndiyo maana wanahitaji watu wa huku chini, wasimame pale pale na kuandika hapa ni korosho, hapa muhogo, hapa pori.

"Kompyuta inajifunza kwenu," alisema, "halafu inatafuta sehemu nyingine zinazofanana. Kwa hiyo baba zangu, mkiidanganya, na yenyewe itadanganya kata nzima."

Nilirudi nyumbani na kishikwambi mkononi, natembea kama bwana shamba.

Kijiji kilitaka ramani ili kijue pori liko wapi, ligawiwe walioomba mashamba. Na mimi nilikuwa nimeomba, upande wa bondeni. Nalisema hili mapema.

Huko bondeni kuna shamba la jirani yangu, mama aliyefiwa na mume mwezi wa nne. Shamba ni lake, aliachiwa na mama yake. Alikuwa eda, ndani ya nyumba miezi minne na siku kumi. Sisi korosho tunaziokota chini, kwa hiyo kabla hazijaanza kudondoka lazima chini ya mikorosho pawe peupe kama uwanja uliofagiliwa. Kwake mwaka ule magugu yalifika kifuani.

Kwetu huingii shamba la mtu bila kumwambia. Na kwenda kumpigia hodi mwanamke aliye eda, mimi mwanamume nisiye ndugu yake, niliona haya. Basi nikasimama njiani, nikatazama, nikabonyeza: pori. Hivyo ndivyo ninavyojitetea. Lakini ni lazima niandike pia kwamba nilikuwa nimeomba ardhi upande ule ule, na mpaka leo sijui kilichobonyeza ni haya au ni tamaa.

Baada ya wiki mbili ramani ilibandikwa ofisi ya kijiji. Shamba la yule mama lilikuwa pori. Mengine manne yasiyopaliliwa nayo yalikuwa yamegeuka pori, na huko sikukanyaga kabisa. Kompyuta ilikuwa imejifunza kwangu. Orodha ya wanaogawiwa pori ingesomwa mkutanoni Jumamosi, na shamba likishasomewa mtu mwingine, kumrudishia mwenyewe kungekuwa kazi.

Nilikwenda kwake na mke wangu. Mke aliingia, mimi nikabaki nje karibu na dirisha nikaeleza yote, pamoja na ombi langu.

"Shemeji," alisema kutoka ndani, "hiyo setilaiti iko juu huko, ikikosea naielewa. Wewe ulikuwa njiani kwangu."

Akaniambia ameniruhusu, niingie nikahesabu.

Niliingia na panga siku ile ile. Chini ya magugu kulikuwa na mistari iliyonyooka ya mikorosho. Nilihesabu thelathini na mmoja. Nikampigia yule binti nikitegemea kukaripiwa. Hakunikaripia. Alisema picha za zamani hazitupwi, akaifungua ya Julai ya mwaka mmoja nyuma: katikati ya mistari palionekana peupe, udongo mtupu. Akaniambia shamba lile lilikuwa safi kuliko langu. Ni kweli.

Jumamosi, kabla orodha haijasomwa, nilisimama nikasema kosa si la mashine, ni langu, na ombi langu nalifuta. Mtu wa nyuma akauliza kama kule Masasi hawakunipa miwani. Mkutano ukacheka. Mwenyekiti akasimamisha orodha mpaka tuyazungukie mashamba hayo yote.

Manne yale tuliyaingia moja moja, kwa ruhusa. Matatu yalikuwa mashamba. La nne lilikuwa pori kweli, nalo ni la mjomba wangu. Niliandika pori. Shikamoo yangu bado haiitikii.

Ramani mpya ilipokuja, shamba la yule mama lilikuwa na rangi ya korosho kama ya wenzake, na vinukta vidogo vilionyesha mahali nilipokanyaga. Niliisogelea nikavitafuta kimoja kimoja. Nilijisikia mtu, siwezi kusema vinginevyo.

Eda ilipokwisha alipalilia na ndugu zake, kisha akatuma niitwe, nije na kishikwambi. Alisema mikorosho yake ni thelathini na miwili. Nikashikilia yangu. Tukaanza upya kutoka njiani, yeye mbele, anagusa kila shina. Kule mwisho akainamisha tawi kubwa. Chini yake kulikuwa na mkorosho mchanga, unanifikia kiunoni.

"Na huu? Setilaiti haiuoni?"

"Haiuoni. Umefunikwa na mama yake, kimraba kimoja."

"Basi uandike wewe."

Nikafuta thelathini na mmoja, nikaandika thelathini na miwili, nikamgeuzia kioo asome mwenyewe.