Gazeti Lililokosea Jina la Mjomba Elia

Nikifungua gazeti jipya, harufu ya wino ikanipiga puani, moyo wangu huanza kwenda mbio kama wa mtu anayesubiri penalti ipigwe. Msinicheke. Mtaani kwetu Sombetini gazeti halikuwa kitu cha kusomwa kimyakimya. Lilikuwa kitu cha kugombana nacho.

Timu yetu iliitwa Volkano, na mshambuliaji wake alikuwa Mjomba Elia, kitindamimba wa kwao mama. Alilala sebuleni kwetu, viatu vyake vya mpira vikinuka dirishani, na mimi nilimwona mkubwa kuliko mlima Meru. Bibi yangu kule kijijini Momela hakumwona hivyo. "Mpira ni duara," alikuwa akisema, "hauna pa kushika." Akampa sharti: kama kweli ni mchezaji, aoneshwe gazetini kabla ya masika. La sivyo arudi nyumbani, ng'ombe wanamsubiri.

Mjomba akafunga. Goli la kichwa, safi! Kesho yake alasiri basi la Dar likaleta magazeti, na mashabiki wakajazana kwenye kibanda cha mama cha ushonaji. Baba Neema, muuza mkaa mwenye sauti ya tarumbeta, akasoma: Volkano wamebahatisha, goli limefungwa na Elisha Mosha.

"Mosha ndiyo nani?" mama akauliza, sindano mdomoni.

"Wanatuona wachunga mbuzi tu hawa!" Baba Neema akafoka. Wakafoka wote. Mjomba alikaa chini ya meza ya kukatia vitambaa.

Mama akanishika mkono, tukaenda mjini kumtafuta mwakilishi wa gazeti, kijana mpole mwenye kamera shingoni. Nilimwamkia, "Shikamoo," kwa woga. Mama hakuwa na woga.

"Mama, sikuwepo uwanjani, nilisimuliwa kwa simu," kijana akakiri.

"Basi Jumamosi unakaa na mimi."

Na akakaa! Tulimbana katikati yetu kama bwana harusi, mama kulia, Baba Neema kushoto. Mvua ilikuwa imenyesha, uwanja ukawa uji. Dakika za mwisho mpira ukakwama kwenye tope, mabeki wakateleza mmoja juu ya mwingine, na Mjomba Elia akatokea sijui wapi, akaupiga. Nyavu! Nilipiga kelele hadi nikaisikia sauti yangu ikipasuka. Mama alirukaruka kitenge kikimtoka, akimtingisha yule kijana mabega: "Andika! Elia Nnko! N mbili! Andika N mbili!"

Kesho yake tulilisubiri basi stendi kabisa. Baba Neema akafunua gazeti. Picha ilikuwepo, kubwa. Lakini ndani yake hakuwepo Mjomba. Alikuwepo mama, mdomo wazi, mikono hewani. Na kwenye habari yenyewe, Elia Nko. N moja.

Watu walipiga mayowe ya hasira, kisha mmoja akaangua kicheko, tukacheka wote mpaka machozi. Mama peke yake hakucheka. Masika ilikuwa imekaribia. Akalikunja gazeti, tukapanda Momela, Mjomba akiwa nyuma yetu kama anayepelekwa kwa mkuu wa shule.

Bibi hakujua kusoma. Aliliweka gazeti magotini, akaiangalia picha kwa muda mrefu.

"Huyu si wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Unalia nini hivi mbele za watu?"

"Silii. Nataja jina la mwanao."

Bibi akapitisha kidole chake juu ya ile picha, taratibu, usoni pa mama. Kisha akamgeukia Mjomba. "Kacheze," akasema. "Ng'ombe wana watu."

Nilitoka nje nikikimbia, nikapiga teke kila jiwe nililolikuta, nikiamini gazeti limetushindia kesi.

Miaka mingi nilisimulia hivyo. Sasa nina mtoto wangu anayeishi mji wa mbali, na kila akipiga simu najikuta nauliza anakula na nani, akiugua nani anajua. Ndipo nilipomwelewa Bibi. Wala hakuwa akitafuta jina la mwanawe kwenye karatasi. Alitaka kujua kama huko mjini kuna mtu wa kumpigia kelele.