Neno "Moya"

Beldina, mfanyakazi wa ndani, huwafundisha Wakenya wageni wa Al-Mahjar, Jeddah, kujikinga na mvua kubwa. Zima umeme. Weka maji ya kunywa mapema. Funga ikama yako, kile kibali cha kuishi, kwenye mfuko wa plastiki. Panda juu, usishuke hata ukiitwa.

Zamani alianza na maneno ya Kiarabu. Mwaka 2017 alimpokea Emmah, binti wa dada yake, aliyepata kazi nyumba ya jirani.

"Moya ni maji," alimwambia. "Ukilisikia usiulize, peleka mbio."

"Na nikipeleka soda, Anti?"

"Utarudishwa Busia na chupa yako mkononi."

Wiki ya pili mafuriko yakavunja mlango wa chumba cha chini. Madam, mwajiri wa Emmah, akapaza sauti kutoka ghorofani: "Moya! Moya tahat!" Alikuwa akiwaonya kwamba maji yameingia chini. Emmah alidhani mtu kule chini ana kiu. Akajaza jagi, akashuka mbio. Umeme ulikuwa haujazimwa.

Siku hizi wageni wakimwuliza Beldina maji huitwaje kwa Kiarabu, huwaambia wakamwulize mtu mwingine.